Sura ya Tano: Chungwa juu ya Mstari

Usiku wa Ijumaa, tarehe 5 Aprili 2024, ulikuwa usiku wa Ramadhani, na katika baraza yetu ya Kikwajuni, Unguja, watu walikuwa wamekwisha kuswali tarawehe, na kahawa ilikuwa ikimiminwa kwa mara ya pili, wakati mpira uliopigwa mbali kusini, katika uwanja wa Loftus Versfeld mjini Pretoria, ulipogonga mtambaapanya, ukaanguka chini, ukadunda, ukarudi uwanjani. Aliyeupiga alikuwa Stephane Aziz Ki wa Yanga. Tangu mguuni mwake hadi kwenye mwamba, na tangu kwenye mwamba hadi ardhini, sidhani kama ulikwenda zaidi ya sekunde mbili. Walakini mabishano yaliyozaliwa na sekunde hizo mbili yangali hai mpaka leo, yana afya njema, na sioni dalili ya kuwa yatakufa kabla yetu sisi tunaoyabisha.

Kwa wasiokuwapo, au waliokuwapo wakasahau, yafaa nieleze mambo yalivyofika hapo. Ilikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mkondo wa pili. Katika mkondo wa kwanza, uliochezwa Dar es Salaam kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa tarehe 30 Machi, Yanga na Mamelodi Sundowns walitoka bila ya mmoja kumfunga mwenziwe. Na kwa kuwa huko Pretoria nako nyavu hazikutikisika hadi filimbi ya mwisho, bao lile, lau lingekubaliwa na mambo mengine yakabaki kama yalivyokuwa, lingewatosha Yanga kwenda nusu fainali. Halikukubaliwa. Ikaja mikwaju ya penalti, na Sundowns wakashinda kwa 3 kwa 2. Usiku huo huo mjini Cairo, Simba, ambao walikwisha kufungwa bao 1 nyumbani, walifungwa mengine 2 na Al Ahly, hata ikawa watani wa jadi wote wawili wametolewa mashindanoni kabla ya daku, na barazani hapakuwa na mwenye haki ya kumcheka mwenziwe, ijapokuwa walikuwapo waliojaribu.

Mwamuzi alikuwa Dahane Beida wa Mauritania. Mpira uliporudi kutoka golini, mchezo haukusita sana. Picha zikatazamwa na wenzake waliokaa mbele ya runinga, wakamwambia sikioni walilomwambia, na yeye mwenyewe hakwenda kwenye runinga ya kando ya uwanja kutazama kwa macho yake. Barazani petu muuza kahawa alikuwa ameuinamisha mdila juu ya finjani, akasahau kuuinua. Kahawa ikafurika, ikamwagikia sahani, ikashuka kwenye kanzu ya mtu, wala mwenye kanzu hakusema neno. Picha zilirudiwa mara nyingi, kila mara kwa pembe, kila mara mpira ukionekana umevuka na haukuvuka, kwa kutegemea aliyekuwa akitazama alizaliwa katika nyumba ya nani. Kisha ikadhihirika kwamba hakuna bao.

Penalti zilipokwisha, na waliokuwa na hasira walipokwisha kusimama na kuketi tena, ndipo mzee mmoja tunayemwita Bwana Karani, kwa kuwa aliandika mashauri katika mahakama ya kadhi kwa muda mrefu wa maisha yake, alipoanza kusema kwa ule utulivu wake unaowaudhi vijana kuliko matusi. Bwana Karani ni Simba. Aliyekuwa akibishana naye ni kijana fundi wa simu, Yanga wa kuzaliwa.

“Umeingia, Ami,” alisema kijana. “Mpira wote mzima umeingia. Majani yameonekana baina ya mpira na mstari. Kipofu tu ndiye asiyeona.”

“Basi kipofu ni mimi,” alijibu mzee. “Niletee chungwa.”

Chungwa likaletwa kutoka katika kapu la matunda yaliyosalia kwenye futari. Muuza kahawa akatoa kipande cha chaki, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuandika madeni yetu ukutani, na mzee akachora mstari mnene juu ya saruji, kisha akaliweka chungwa ng'ambo ya mstari, hata sehemu yake iliyogusa sakafu ikawa nje ya chaki bila ya shaka yoyote. Aliyekaa ubavuni aliona nafasi wazi baina ya tunda na chaki. Mzee akamwambia kijana asimame, ainame, alitazame kutoka juu sawasawa. Kijana akainama. Tumbo la chungwa lilikuwa limeufunika ukingo wa mstari.

“Sheria haiulizi mpira umekanyaga wapi,” alisema Bwana Karani. “Yauliza kama mpira wote, tumbo na mgongo, umeupita mstari wote, ukiwa chini au hewani. Chungwa hili si bao.”

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu. Sheria za mchezo zataka mzingo wa mpira uwe baina ya sentimita 68 na 70, kwa hivyo tangu kitovu chake hadi ubavuni ni takriban sentimita 11. Maana yake ni kwamba mpira waweza kukanyaga ndani ya goli, sentimita 10 nzima mbele ya ukingo wa ndani wa mstari, majani yakaonekana, mchezaji akaapa, uwanja mzima ukaapa, na bado lisiwe bao. Na mimi, nikiri hapa kabla ya mtu kuniuliza, nilikuwa nimekwisha kuapa. Niliona umeingia. Hata baada ya chungwa bado naona umeingia, na hilo ndilo linalonifanya nisiamini sana macho yangu.

Kijana hakushindwa upesi. “Nimekubali hesabu, Ami,” alisema, “lakini wewe ni Simba, na ushahidi wa adui haukubaliwi. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha.”

“Kweli,” alisema mzee. “Wala wa mzazi kwa mwanawe haukubaliwi. Basi mimi nimeondoka, nawe umeondoka. Nani amebaki?”

Katika fiqhi ya Shafii, ambayo ndiyo ifuatwayo na wengi wa watu wa pwani yetu, jambo hili limepangwa kwa uangalifu mkubwa: shahidi hutakiwa awe mwadilifu, asiwe na uadui na anayemshuhudia, wala asiwe na maslahi kwa anayemshuhudilia. Ukiipeleka kanuni hiyo uwanjani, utawatoa mashahidi wote elfu sitini mara moja, maana hakuna aliyelipa kiingilio ili awe mwadilifu. Hubaki watu wachache wenye filimbi na vibendera, na kwa zaidi ya miaka mia moja mchezo wa kandanda uliendeshwa juu ya dhana kwamba hao wachache yatosha waone, na wasipoona, basi jambo halikutokea.

Mfano ulio mashuhuri kupita yote ni ule wa Wembley, tarehe 30 Julai 1966, katika dakika ya 101 ya fainali ya Kombe la Dunia baina ya Uingereza na Ujerumani Magharibi. Geoff Hurst alipiga mpira ukagonga mwamba, ukaanguka karibu na mstari, ukatoka. Mwamuzi Gottfried Dienst wa Uswisi hakuona sawasawa, akamwendea mshika kibendera Tofiq Bahramov, mtu wa Azerbaijan, naye akasema ni bao. Wajerumani hawajakubali hata leo. Waazerbaijan, kwa upande wao, wameupa uwanja mmoja mkubwa wa Baku jina la Bahramov, jambo ambalo ni nadra sana kumfika mshika kibendera, na lathibitisha kwamba kosa, kama lilikuwa kosa, laweza kumpa mtu utukufu usiotokana na maelfu ya maamuzi sahihi aliyoyatoa kabla ya siku ile.

Mimi lakini humfikiria zaidi Ali Bennaceur wa Tunisia, kwa kuwa ni mtu wa bara letu, na kwa kuwa taksiri yake, ikiwa ni yake, ilifanywa mbele ya ulimwengu mzima. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca mjini Mexico City, Diego Maradona aliruka pamoja na kipa wa Uingereza akautia mpira golini kwa mkono. Bennaceur alimtazama msaidizi wake Bogdan Dochev wa Bulgaria, kibendera hakikuinuliwa, akahesabu bao. Dakika chache baadaye Maradona yule yule akawapita Waingereza kama mtu anayepita baina ya nguzo za nyumba aijuayo gizani, akafunga bao ambalo wengi hulitaja kuwa zuri kupita yote yaliyopata kufungwa, na Bennaceur, ambaye angeweza kupiga filimbi kwa kila mguu uliotegwa njiani, akauacha mchezo uende. Mtu mmoja, mchana mmoja, aliwapa watu dhuluma na neema. Mwaka 2015 Maradona alimzuru mzee huyo kwao Tunisia, na mwaka 2022 mpira wenyewe, ambao Bennaceur alikuwa ameuhifadhi muda wote huo, uliuzwa mnadani London kwa pauni takriban milioni 2. Sijui dhuluma nyingine iliyopanda bei kiasi hicho.

Mashine ililetwa ili dhuluma za namna hiyo zisipate nafasi tena. Msukumo ulikuja kwa makosa mawili yaliyofuatana. Novemba 2009 mkono wa Thierry Henry uliinyima Ireland nafasi ya Kombe la Dunia. Na tarehe 27 Juni 2010, mjini Bloemfontein, mpira wa Frank Lampard wa Uingereza uligonga mwamba ukaangukia ndani kabisa ya goli la Wajerumani, ukaonwa na dunia nzima isipokuwa na waliopaswa kuuona. Miaka miwili baadaye, Julai 2012, bodi inayotunga sheria za mchezo, IFAB, ikaridhia mtambo wa mstari wa goli, ambao humtetemeshea mwamuzi saa yake mkononi mara mpira unapovuka. Waholanzi nao walikuwa wakijaribu jambo pana zaidi, la kumkalisha mwamuzi mwingine mbele ya runinga. Na tarehe 3 Machi 2018 mjini Zürich jambo hilo likatiwa katika sheria kwa jina la VAR, likatumika Urusi katika Kombe la Dunia la mwaka huo huo. Afrika haikukawia: Misri mwaka 2019 lilitumika katika Kombe la Mataifa kuanzia robo fainali, na Cameroon mwanzoni mwa 2022 likatumika katika mechi zote 52.

Sasa, kuna jambo ambalo washabiki wengi, na mimi nilikuwa miongoni mwao, hawalifahamu, na kutolifahamu kwao ndiko kunakozaa nusu ya ugomvi. Twadhani kwamba chumba kile cha runinga kimewekwa ili kutafuta ukweli. Hakikuwekwa kwa ajili hiyo. Usiku ule wa 2024 kilikuwa kimepewa mambo manne tu ya kuyaangalia: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwingine, na hata katika hayo manne hakiulizwi “hakika yake ni nini?” bali huulizwa kama mwamuzi amekosea kosa lililo wazi na dhahiri. Mafakihi wana kanuni ya kale sana isemayo kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Hukumu iliyokwisha kutolewa husimama, na anayetaka kuiangusha ndiye mwenye mzigo wa kuleta bayana. Akileta shubuha tu, hukumu hubaki pale pale. Bwana Karani, ambaye hajapata kusoma kitabu cha IFAB, aliniambia kwamba alipoelezwa habari ya VAR mara ya kwanza alicheka, kwa sababu aliona ni mahakama yake ile ile, ila wamevaa kaptura.

Ni kweli kwamba kuotea, na kuvuka kwa mstari, huhesabiwa kuwa mambo ya kupimwa, ambayo ama yapo ama hayapo, wala hayangoji kosa liwe kubwa. Lakini kipimo nacho chataka picha ya kupimia. Picha tulizoonyeshwa za Pretoria zilikuwa za pembeni, kama macho ya wale waliokaa ubavuni mwa chungwa. Na pasipo picha ya kukata shaka, uamuzi wa uwanjani husimama. Yanga walipeleka malalamiko yao kwa Shirikisho la Soka la Afrika, kama ilivyokuwa haki yao. Mimi nasema kwamba kama kulikuwa na dhuluma usiku ule, ilikuwa katika kumleta shahidi barazani bila ya kumpa mahali pa kusimama pa kuonea.

Maana shahidi huyu, ambaye hana baba wala mji wala rangi ya jezi, hutegemea watu kwa kila kitu. Mtu ndiye huchagua kamera. Mtu ndiye husimamisha picha kwa wakati anaouona kuwa ndio wakati mguu ulipougusa mpira. Qatar mwaka 2022 walijitahidi kumpunguza mtu huyo: kamera 12 ziliwekwa chini ya paa, zikifuata alama 29 katika mwili wa kila mchezaji, na ndani ya mpira kikatiwa kidude kilichopeleka habari zake mara 500 kwa sekunde. Matokeo yake ni yale ya tarehe 22 Novemba, wakati Argentina ilipotia mpira wavuni mara tatu zaidi katika kipindi cha kwanza dhidi ya Saudia, na mara zote tatu ikahukumiwa kuwa imeotea, mara moja kwa tofauti ambayo hakuna jicho la binadamu ambalo lingeweza kuiapia. Kisha Saudia wakatoka mapumzikoni wakafunga mawili na kushinda. Siku ile barazani hapakuwa na aliyeilaumu mashine. Hatukuwa na ndugu Argentina.

Na hata mashine inapoona sawasawa, bado kuna mdomo unaopaswa kusema kilichoonwa. Tarehe 30 Septemba 2023 Luis Díaz wa Liverpool aliifunga Tottenham bao halali, mshika kibendera akakiinua, na picha chumbani zikaonyesha wazi kwamba hakuotea. Lakini aliyekuwa kwenye runinga alidhani kwamba uwanjani bao limekubaliwa, akasema kuwa wamekwisha kuangalia, yaani hukumu ni sahihi, na uwanjani wakafahamu kwamba kuotea ndiko kulikothibitishwa. Mchezo ukaanza tena. Walipogundua, ilikuwa imekwisha kupita, na sheria haikuwaruhusu kurudi nyuma. Liverpool ikafungwa 2 kwa 1. Sauti za chumbani zilitolewa hadharani baadaye, na ukizisikiliza utasikia watu waungwana, wenye elimu ya kazi yao, wakizama taratibu katika maji ya magoti. Nilipomsimulia Bwana Karani, alitikisa kichwa akasema, “Shahidi kasema kweli, karani kaandika kinyume. Nimeyaona hayo,” na hakutaka kueleza ameyaona wapi.

Ajabu kubwa zaidi ya shahidi huyu ni kwamba watu wakikwisha kuahidiwa kuja kwake, hawawezi tena kuishi bila yeye. Tarehe 31 Mei 2019, huko Radès karibu na Tunis, Espérance na Wydad Casablanca walikutana katika mkondo wa pili wa fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya sare ya 1 kwa 1 mjini Rabat. Espérance wakiongoza 1 kwa 0, Walid El Karti akaifungia Wydad, kibendera kikasema ameotea, na Wydad wakataka picha itazamwe. Mwamuzi, Bakary Gassama wa Gambia, hakuwa na picha ya kutazama: mtambo haukufanya kazi usiku ule. Wydad wakagoma kucheza. Baada ya kungojwa zaidi ya saa nzima Espérance wakakabidhiwa kombe, kisha viongozi wa Afrika wakaamuru mechi irudiwe, kisha Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ya Lausanne ikaifuta amri hiyo, na mwisho kombe likabaki Tunis. Yafaa kutafakari hapa. Miaka mitano kabla yake, bao lile lile, na kibendera kile kile, kingeleta makelele ya dakika tatu, kadi mbili za njano, na mchezo kuendelea. Maana hakuna aliyekuwa na cha kudai zaidi ya jicho la mtu aliyesimama pale. Kilichouvunja mchezo ni ile runinga nyeusi. Mtu asiyepata kuwa na taa hutembea gizani kwa raha zake. Aliyeizoea ikizimika, hujigonga ukutani.

Hata hivyo wako waliopewa taa wakataka kuizima. Norway iliingiza VAR katika ligi yake mwaka 2023, na mwaka uliofuata, tarehe 21 Julai, mechi ya Rosenborg na Lillestrøm mjini Trondheim ilivunjwa kabla ya wakati kwa sababu mashabiki walikuwa wakirusha uwanjani mipira ya tenisi, fataki za moshi na vitafunio vya samaki wa kusaga, vile ambavyo watu wa huko huvila kama sisi tulavyo katlesi. Nilipolisoma jambo hilo nilidhani ni dhihaka. Klabu 19 kati ya 32 za madaraja mawili ya juu zikapendekeza mtambo uondolewe. Na tarehe 1 Machi 2025 mkutano mkuu wa chama chao ukapiga kura 321 kwa 129 kuubakiza. Uswidi, ambako klabu ni mali ya wanachama wake, walikataa kuuingiza tangu mwanzo. Na Uingereza, mwaka 2024, Wolverhampton Wanderers ilipeleka hoja ya kuufuta, ikapigiwa kura na klabu 20, ikashindwa kwa 19 kwa 1, na huyo 1 ni Wolverhampton mwenyewe.

Twaweza kuwadhania hawa ni watu walioshiba. Sisi katika ligi zetu tunalilia mashine. Kila Jumapili hakosekani mwenye kuapa kwamba refa wetu asingethubutu lau ingekuwapo. Imani imetupungukia hata mwezi Juni 2025 mchezo wa Simba na Yanga uliletewa waamuzi kutoka Misri, kama mji uliogombana na kadhi wake ukaazima kadhi wa mji wa mbali. Mwenye njaa humwona anayerusha samaki kuwa ni mwendawazimu. Lakini nimewasikiliza Wanorway, na malalamiko yao si kwamba mashine hukosea. Malalamiko yao ni furaha. Zamani bao likiingia, mtu alimkumbatia asiyemjua, akamwaga kinywaji chake, akalia, na hakuna mamlaka yoyote duniani ambayo ingeweza kumrudisha nyuma kutoka hapo isipokuwa kibendera kilichokwisha kuonekana. Sasa bao huingia, naye hutazama kwanza sikio la refa. Furaha imewekwa rehani, yakombolewa baada ya dakika mbili, tatu, ikiwa imekwisha kupoa kama uji wa jana. Na jambo lililo baya zaidi kwa aliye uwanjani ni kwamba haambiwi kinachotazamwa: aliye nyumbani huonyeshwa picha kumi, na aliyelipa nauli na kiingilio husimama kama mtu aliyeketi nje ya mlango wa mahakama akisikia viti vikiburutwa ndani.

Hapo ndipo mimi nami hujiunga na warusha samaki, ingawa samaki sitarusha. Refa wa kale, awe Dienst au Bennaceur, alihukumu hadharani, amesimama katikati ya aliowahukumu, akitokwa na jasho, akitukanwa. Na aliyedhulumiwa alijua uso wa aliyemdhulumu. Chumba cha runinga kina hukumu ya faragha. Mwaka 2023, katika Kombe la Dunia la Wanawake huko Australia na New Zealand, waamuzi walitangaza kwa kipaza sauti uwanjani kile walichokitazama na sababu ya uamuzi wao. Ni jambo dogo, lachukua sekunde chache, na kwa rai yangu lina thamani kuliko kidude kile cha mara 500 kwa sekunde. Lau usiku ule wa Pretoria mtu angesimama akasema kwa sauti, “Tumetazama picha tulizo nazo, hakuna inayothibitisha kwamba mpira wote umevuka, kwa hivyo uamuzi wasimama,” sisemi Yanga wangefurahi. Wangekasirika vile vile. Ila wangekuwa wamekasirikia jambo walijualo.

Nilimweleza hayo fundi wa simu, si usiku ule, bali siku nyingine, tena nikidhani nimenena neno la hekima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akaniuliza, “Mzee wangu, na wewe uliona umeingia?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi yamekwisha,” akarudi kwenye simu aliyokuwa akiifungua.

Ama lile chungwa, kulipokaribia saa saba za usiku, na watu wakianza kuinuka mmoja mmoja kwenda kupumzika kabla ya daku, kijana alikuwa angali amechutama mbele yake na simu mkononi, akilipiga picha kutoka juu, kutoka ubavuni, kutoka nyuma, na kila picha akimwonyesha mwenziwe. Akainuka kwenda kuitafuta taa iliyo bora zaidi. Aliporudi, Bwana Karani alikuwa amekwisha kulimenya, amelikata vipande vinne, na kimoja amekiweka juu ya mstari wa chaki kumngojea yeye.